Kusawazisha maramu kwa trekta ndogo na bledi ya nyuma: mwongozo kamili

Barabara yangu ya kwanza ya maramu, ule udongo wenye kokoto, niliisawazisha hadi ikawa kama meza. Ilikuwa njia ya mita 300 hivi kutoka barabara kuu ya Gulu kuingia shambani, upande wa Bweyale, Uganda, na jioni ile nilisimama mlangoni nikaitazama nikajiona fundi. Mzee jirani alipita na baiskeli yake, akashuka, akainama na kufumba jicho moja kama mtu anayekagua mbao. "Mwanangu, umefanya kazi nzuri," akasema. "Sasa maji yatapita wapi?" Nilimjibu kwa adabu, lakini moyoni nilicheka. Mvua ilipoanza, maji hayakupita popote. Yalituama katikati ya njia, udongo ukalainika, na tipa iliyokuja kuchukua mahindi ikazama hadi ekseli.

Neno "kusawazisha" lenyewe ndilo lililonipoteza. Kazi ya bledi ni kuipa barabara mgongo: katikati juu, pembeni chini, maji yakidondoka yateleze hadi mtaroni. Anayetafuta ubapa anatengeneza bwawa refu.

Bledi na tabia yake

Bledi ya nyuma ni bamba la chuma lililopinda, lenye makali chini, linalofungwa kwenye mikono mitatu ya trekta: miwili ya chini inayonyanyua, na mmoja wa juu katikati ambao mafundi huuita toplinki. Kwa trekta ya nguvu za farasi 25 hadi 40, bledi ya mita 1.5 hadi 1.8 inafaa. Usinunue kabla ya kupima trekta yako kutoka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa nyingine. Bledi hufanya kazi ikiwa imekingamishwa, yaani imegeuzwa mshazari, na ile ya mita 1.8 ukiikingamisha kwa nyuzi 30 inafunika mita 1.56 tu. Tairi zikiwa pana kuliko hapo, moja itakuwa inaacha mfereji wake nje ya bledi kila unapopita.

Angalia pini pia. Trekta ndogo nyingi zina pini za milimita 22 kwa mikono ya chini na 19 kwa toplinki. Matrekta makubwa ya kulimia yana 28 na 25. Ukiazima bledi ya trekta kubwa, matundu yatakuwa mapana na bledi itacheza. Weka bushi, pete ya chuma ya kuziba nafasi hiyo. Usiridhike na kipande cha bomba alichokata welda kwa macho.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyenieleza, nami nikalijua kwa kupoteza dizeli. Greda lina bledi katikati, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na umbali kati ya magurudumu hayo unakaribia mita sita. Likipanda tuta dogo, bledi yake haishtuki. Trekta ndogo ni fupi, haifiki mita mbili kutoka ekseli hadi ekseli, na bledi iko nyuma kabisa. Tairi za mbele zikipanda tuta, pua inainuka na bledi inazama ardhini. Zikiingia shimoni, pua inashuka na bledi inanyanyuka. Kwa hiyo penye tuta mbele yako, nyuma yako unachimba shimo. Ukirudi, unakanyaga mawimbi uliyoyatengeneza mwenyewe na kuyaongeza. Dereva mgeni akiona hivyo huanza kucheza na liva, juu, chini, juu, chini. Hapo ndipo barabara inapogeuka bahari.

Dawa ziko nne na zinakwenda pamoja: mwendo wa taratibu, kukata kidogo kidogo, bledi iliyokingama badala ya kunyooka, na mkono uliotulia. Yote yanayofuata ni kuzirudia hizo kwa njia mbalimbali.

Subiri unyevu

Maramu makavu ya Januari ni kama saruji. Bledi ya trekta ndogo ina uzito wa kilo mia na kitu, na juu ya maramu yaliyokauka inateleza tu na kupiga kelele, ikirusha vumbi na kuacha mashimo yalivyokuwa. Yakiwa tope nayo, unavuta uji. Wakati mzuri ni siku moja au mbili baada ya mvua, au mwanzoni mwa msimu kabla ardhi haijashiba maji.

Jipimie kwa mkono. Chukua maramu kiganjani, kamua kwa nguvu, fungua. Yakimwagika kama mchanga, ni makavu. Yakiacha tope kati ya vidole, rudi nyumbani. Yakishikana kuwa donge, na donge hilo ukiliangusha kutoka kiunoni likavunjika vipande viwili au vitatu, washa trekta.

Kama huwezi kungoja, vunja sehemu ngumu kwa sururu kwanza, au pitisha haro yenye meno ikiwa unayo. Wengine huongeza uzito kwa kufunga mifuko ya mchanga juu ya fremu ya bledi. Hilo linakubalika mradi mikono ya trekta inaweza kunyanyua na tairi za mbele hazielei. Usukani ukianza kuwa mwepesi, punguza. Lisilokubalika ni lile tunaloliona kila siku: vijana wawili wanapanda juu ya bledi kuwa uzito. Bledi ikigonga jiwe au kisiki kilichofichika inaruka ghafla, na aliyesimama juu yake huanguka mbele ya makali. Hata watoto wa kwenye madigadi, washushe wote kabla hujaingiza gia.

Kupanga bledi kabla ya kukata

Simamisha trekta mahali palipo bapa kweli, sementi ya stoo ikiwezekana. Shusha bledi, zima injini, kisha ufanye marekebisho.

Anza na minyororo au vyuma vya pembeni vinavyozuia mikono ya chini kuyumba. Kaza. Bledi inayoyumba kushoto na kulia huchora nyoka barabarani.

Kisha toplinki. Simama ubavuni utazame makali yalivyoelekea. Ukirefusha toplinki, sehemu ya juu ya bledi inalala nyuma na makali yanasonga mbele, kama jembe linalotaka kuchimba: hapo bledi inauma. Ukiifupisha, makali yanasimama wima au yanaburuta, na bledi inakwangua tu. Kwa kukata barabara ngumu nenda upande wa kuuma, lakini zungusha mara mbili tu kisha ujaribu. Kwa kumalizia nenda upande wa kukwangua. Ukiona bledi inazama hadi trekta inagugumia, kabla hujalaumu injini fupisha toplinki.

Halafu mkingamo. Chomoa pini ya katikati, zungusha bledi hadi nyuzi 20 au 30, rudisha pini. Ncha iliyotangulia inakata. Udongo unaserereka hadi ncha ya nyuma na kutoka hapo kama tuta jembamba refu. Ukitaka udongo uende kulia, ncha ya kushoto itangulie.

Mwisho ni mwinamo. Mkono wa kulia wa kunyanyulia una fimbo yenye kishikio cha kuzungusha. Ukiifupisha, ncha ya kulia inapanda na ya kushoto inabaki chini. Hapa Uganda tunashika kushoto, na hata njia ya shambani bodaboda hawakosekani, hivyo mimi hupanga hivi: ncha ya kushoto mbele na chini, ncha ya kulia nyuma na juu. Nikienda napita upande wangu wa kushoto, udongo unatoka ukingoni kwenda katikati. Nikifika mwisho nageuza, narudi tena kushoto kwangu, ambao sasa ni ukingo wa pili, na udongo unakwenda katikati vilevile. Mpangilio mmoja kwa pande zote mbili, wala sigombani na wanaokuja.

Kama trekta yako ina liva mbili za haidroliki, tumia ile ya kuweka kimo. Ile inayohisi mzigo iweke mahali isipofanya kazi. Ilitengenezwa kwa plau, na kwenye barabara itakuwa inanyanyua bledi kila inapokutana na ugumu, hata ukiwa umetulia.

Kukata barabara ya zamani

Barabara yenye vimawimbi na mashimo, kishawishi ni kukwangua juu na kujaza mashimo kwa udongo huo. Wiki moja inapendeza. Kisha matairi yanang'oa kile kiraka na shimo linarudi palepale, kwa kuwa chini yake kuta zake ngumu bado zipo. Lazima ukate hadi kitako cha shimo ndipo utandaze upya. Shimo likiwa la sentimita 5, unakata sentimita 5 eneo lote linalolizunguka. Yaliyozidi hapo yachimbwe kingo kwa sururu, yajazwe kwa matabaka ya maramu mabichi na kushindiliwa kabla trekta haijapita.

Ingiza gia ya chini kabisa ya kazi nzito, mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Anzia mahali palipo bapa, hata kama ni mita tano nje ya eneo la kazi, maana trekta ikianza ikiwa juu ya tuta itaanza na shimo. Shusha bledi polepole hadi iguse, kata sentimita 2 au 3, kisha ondoa mkono kwenye liva. Mwache akate matuta tu mzunguko wa kwanza. Nasema "mwache" kwa sababu ukishazoea bledi unaiongelea kama ng'ombe wa kulimia. Mzunguko wa pili kata tena hizo sentimita mbili. Kwa njia yangu ya mita 300 ninapita mara sita au saba kila upande, na kila nilipotaka kumaliza kwa mbili nilijuta.

Vimawimbi vikiwa vikali, usipite moja kwa moja kufuata barabara pekee. Kama upana unaruhusu, pita mshazari, ili tairi za mbele za kulia na kushoto zisipande wimbi moja kwa wakati mmoja. Trekta inatulia, na bledi nayo inatulia.

Mawe makubwa kuliko ngumi yaokotwe. Jiwe likikwama chini ya makali linavutwa mita ishirini na kuchora mfereji nyuma yake. Kijana mmoja mwenye reki akitembea nyuma, mbali na bledi, anaokoa saa nzima.

Mgongo

Barabara ya maramu inataka mteremko wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa lugha ya shamba, sentimita 4 hadi 6 kwa kila mita. Njia ya upana wa mita 3.5 ina mita 1.75 kila upande, kwa hiyo katikati iwe juu ya ukingo kwa sentimita 7 angalau. Chini ya hapo maji yanasita. Juu sana, lori lililobeba linaegemea pembeni na madereva wote wanahamia katikati, kisha wanachimba mifereji miwili ya matairi.

Kipimo changu ni ubao wa mita moja ulionyooka, wenye kigingi cha sentimita 4 kilichogongomelewa chini ya ncha moja. Naweka ncha yenye kigingi upande wa mtaro, ncha tupu upande wa katikati, na pima maji juu yake. Kitone cha hewa kikikaa katikati, mteremko ni asilimia 4. Fanya hivyo kila hatua kumi. Macho yanadanganya, hasa jua likiwa la jioni.

Hapa kuna mtego ulionichukua msimu mzima kuuelewa. Mwanzoni, barabara ikiwa bapa, unahitaji bledi iliyoinama. Lakini mgongo ukishaanza kujitokeza, trekta yenyewe inaegemea mtaroni kwa sababu tairi za kulia ziko juu ya zile za kushoto. Bledi inainama pamoja na trekta. Ukiacha ule mwinamo wa mwanzo, unakata mara mbili ya ulichokusudia, na ukingo unakuwa mtaro. Kwa hiyo baada ya mizunguko miwili au mitatu, rudisha fimbo ya kulia mahali pake, bledi iwe sambamba na ekseli, uache mwegemeo wa trekta ufanye kazi.

Tuta la udongo lililokusanyika katikati usiliache. Mzunguko wa mwisho inyooshe bledi, pita juu ya katikati ukiwa umeinyanyua kidogo, na lile tuta litatandazwa kulia na kushoto. Tuta likibaki, kesho magari yatalikwepa. Na usiache tuta jingine ukingoni, kati ya barabara na mtaro. Hilo ni ukuta unaozuia maji kutoka, na ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye njia za watu.

Mitaro nayo iwe na pa kutokea. Penye mteremko, fungua michepuko ya kutoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Kabla ya kuelekeza maji kwenye migomba ya jirani, nenda kwake ukazungumze. Njia ikiwa ya wote, mpitie pia mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Wiki ya mvua si wakati wa kuanza mazungumzo hayo.

Maramu mapya

Maramu mazuri yana mchanganyiko: kokoto ndogo za kubeba uzito, mchanga wa kujaza, na udongo wa mfinyanzi kidogo wa kushikanisha. Ukilowesha kiasi na kukisugua kati ya vidole, kiwe na unato lakini kikwaruze. Mfinyanzi ukizidi, barabara inateleza kama sabuni. Ukikosekana, kokoto zinatawanyika. Kwa sababu hiyohiyo kokoto za kiwandani za nusu inchi, zile za zege, hazishiki zikiwa peke yake, hata zikiwa ghali namna gani.

Hesabu yake si ngumu. Unataka tabaka la sentimita 10 baada ya kushindiliwa, kwa hiyo tandaza sentimita 12 au 13 zikiwa zimelegea. Njia ya mita 100 kwa upana wa mita 3.5 inahitaji karibu mita za ujazo 44. Tipa inayobeba mita 5 za ujazo italeta safari tisa. Trip moja inafunika mita 11 za urefu, basi tembea na vijiti, chomeka kimoja kila mita 11, na umwambie dereva amwage hapo. Usimwachie tanboi, msaidizi wa dereva, achague. Akichoka atamwaga lundo mbili pamoja, na bledi ndogo haiwezi kusukuma lundo hilo mbali.

Lundo huvutwa kidogo kidogo kutoka juu. Rudi nyuma na bledi ikiwa imenyanyuliwa hadi iwe juu ya lundo, ishushe theluthi moja tu, kisha vuta mbele. Rudia. Kulisukuma kwa kurudi nyuma kunawezekana ukigeuza bledi nusu duara, lakini mikono ya chini imeundwa kwa kuvuta. Ukiligonga lundo kwa kasi unapinda vyuma. Mimi huanzia mlangoni na kuendelea ndani, ili matipa yanayofuata yapite juu ya kilichotandazwa na kukishindilia. Weka mtu wa kuwaelekeza wasifuate njia moja ya matairi.

Ukishatandaza, geuza bledi nyuma-mbele, mgongo wake ulioviringika uelekee unakokwenda, na uburute bila kukata. Inapapasa vizuri kuliko reki. Nyunyizia maji ikiwa uso umeanza kukauka, kisha pita na trekta huku na huku, kila safari ukisogea upana wa tairi moja. Ukipata rola ya kukodi, heri. Difu loki, ile inayofunga tairi mbili za nyuma zizunguke pamoja, iwe imefunguliwa kila unapokata kona, vinginevyo tairi zinalima ulichokilaza.

Jioni ukimaliza, bledi iwe chini ardhini kabla hujashuka, funguo mfukoni. Bolti za makali hulegea siku ya kwanza ya kazi, basi pitisha spana. Makali ya bledi nyingi yana pande mbili. Upande mmoja ukilika, fungua ugeuze.

Kisha ngoja mvua ya kwanza kubwa. Vaa gambuti, chukua jembe na vijiti, utembee barabara yote maji yakiwa bado yanakwenda. Yaliposimama chomeka kijiti. Yanapokata ukingo, fungua njia kwa jembe palepale. Baada ya siku mbili, maramu yakishafika ule unyevu wa donge linalovunjika vipande vitatu, rudi na trekta kwenye vijiti hivyo tu. Mara ya pili mimi nilikuwa na vijiti kumi na vinne. Mzee wa baiskeli alivihesabu kimoja kimoja, akacheka, akaendelea na safari yake.